Posta ya Shangani, Mahakama ya Vuga: Nani Alijengewa Karibu?

  

Mwaka 1890 mtu aliyetaka kutuma barua kutoka Unguja Mjini alikuwa na posta tatu za kuchagua, na zote tatu zilikuwa za wageni. Kulikuwa na posta ya serikali ya India, iliyoendeshwa chini ya Waingereza tangu Oktoba 1875. Kulikuwa na posta ya Wafaransa, iliyofunguliwa 1889. Na Agosti ya mwaka huo wa 1890 Wajerumani nao walifungua ya kwao. Kila moja iliuza stempu zake na kupiga mihuri yake. Sultani, ambaye nchi ilikuwa kwa jina lake, hakuwa na posta.

Wajerumani walifunga dirisha lao Julai 1891, kwa sababu tayari walikwisha kukubaliana na Waingereza kwamba Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Wafaransa walikaa hadi 1904. Waingereza wa posta ya India waliikabidhi kazi hiyo kwa serikali ya Zanzibar Novemba 1895. Hata hapo stempu zilizouzwa zilikuwa zile zile za India, zimegongwa neno Zanzibar juu yake. Stempu za kwanza zenye sura ya mtawala wa Unguja zilitoka Septemba 1896, nazo zilikuwa na sura ya Sultani Hamad bin Thuwaini. Hamad alikuwa amefariki tarehe 25 Agosti. Siku mbili baada ya kifo chake manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kasri la Unguja na kumwondoa Khalid bin Barghash, aliyejaribu kurithi kiti bila idhini yao. Kwa hiyo barua za kwanza zenye stempu za Zanzibar yenyewe zilisafiri duniani zikiwa na picha ya marehemu, kutoka mji ambao kasri lake lilikuwa magofu.

Nimeanzia huko kwa sababu nataka tuzungumze juu ya posta na mahakama kama majengo, na juu ya swali moja ambalo kila jengo la umma hulijibu hata likinyamaza: serikali ilipokuwa inachagua kiwanja, ilikuwa inamfikiria nani? Sisi wa Bunju, hapa Dar es Salaam, tuna haki ya kuliuliza swali hili kuliko watu wengi wa jiji hili. Tuko kiasi cha kilometa 30 kutoka Kivukoni. Mtu akitoka hapa kwenda katikati ya jiji husema anakwenda Posta, na daladala nazo huita hivyo hivyo. Ukifika huko kuna kituo cha Posta ya Zamani, upande wa bandari, na kuna Posta Mpya, Mtaa wa Azikiwe. Posta imekuwa jina la mahali pa mbali ambapo mambo ya watu yanamalizwa.

Majengo mawili ninayotaka tuyatazame kwa makini yako ng'ambo ya bahari, Unguja. Moja ni Posta ya Shangani, iliyojengwa 1906, pale kwenye barabara inayoitwa leo Barabara ya Kenyatta. La pili ni Mahakama Kuu ya Vuga, iliyojengwa kati ya 1904 na 1908. Yote mawili yalichorwa na mtu mmoja, John Houston Sinclair, Mwingereza aliyesomea usanifu wa majengo London kisha akaja Unguja akiwa kijana, kama ofisa wa serikali. Alipanda cheo hadi akawa Balozi Mkazi wa Uingereza Zanzibar mwaka 1922. Jumba la makumbusho lenye kuba jeupe kule Mnazi Mmoja, Beit el Amani, la mwaka 1925, nalo ni kazi yake. Mara chache sana mtu mmoja amepewa nafasi ya kuamua sura ya dola katika mji mmoja kiasi hicho. Raia wa kawaida alikutana na serikali ndani ya majengo ya Sinclair, na wakati fulani mkuu wa serikali hiyo alikuwa Sinclair mwenyewe.

Nayapenda majengo yale, na sioni haya kusema hivyo. Sinclair alikuwa na jicho. Hakuleta Unguja jumba la matofali mekundu la kule kwao likasimama juani kama mgeni aliyekosa njia. Alitazama kuba, matao, nguzo, kuta nene zilizopakwa chokaa, vibaraza vyenye kivuli, akachanganya mambo ya Waarabu, ya Wahindi na ya Wareno, akapata mtindo ambao mpaka leo watalii wanaupiga picha wakidhani ni wa zamani sana. Mahakama ya Vuga ina kuba na matao ambayo mtu anaweza kusimama chini yake akasahau alichofuata. Na hilo lilikuwa sehemu ya kazi ya jengo lile. Utawala uliojiimarisha kwa mizinga mwaka 1896 ulihitaji, miaka kumi baadaye, uonekane kana kwamba umeota pale pale kwenye udongo wa Unguja.

Lakini tutoke kwenye matao tuangalie ramani. Shangani ni rasi ya mji, upande wa bahari, mahali palipokuwa na balozi za kigeni, nyumba za Wazungu na ofisi za meli. Huko ndiko waya wa simu ya chini ya bahari kutoka Aden ulikotua mwaka 1879. Vuga ni upande wa bustani na nyumba ya Balozi Mkazi, ambayo Sinclair pia ndiye aliyeichora. Kutoka posta hadi mahakamani ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Karani wa Kizungu angeweza kutoka nyumbani, akatuma barua, akasikiliza kesi, akarudi kula chakula cha mchana, asivuke kamwe mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Na Ng'ambo ndiko walikoishi wengi wa watu wa mji: wachukuzi, mafundi, wachuuzi, wavuvi, na watu waliotoka utumwani pamoja na watoto wao.

Tukumbuke pia barua ilikuwa na maana gani kwa uchumi wa watu. Tangu mwisho wa 1872 meli za kampuni ya British India zilileta barua kutoka Aden mara moja kwa mwezi, kwa mkataba na serikali ya Uingereza. Baada ya 1879 habari za soko zikawa zinafika kwa waya. Mfanyabiashara aliyekuwa karibu na waya alijua bei ya karafuu Bombay au London kabla ya mwenye shamba wa Pemba hajamaliza kuanika. Unaweza kuwa na karafuu nzuri kuliko za jirani, ukapoteza fedha kwa sababu tu habari zimefikia mkono mwingine kwanza. Umbali na posta ulilipiwa kila msimu wa mavuno.

Umbali na mahakama ulilipiwa kwa namna nzito zaidi. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Wengi wetu tulifundishwa kwamba siku hiyo watumwa waliachwa huru. Haikuwa hivyo. Amri ilisema kwamba mtumwa akitaka uhuru wake aende mwenyewe mbele ya mahakama ya wilaya akauombe, na bwana wake alipwe fidia na serikali. Masuria wa mabwana waliwekwa kando ya amri hiyo hadi 1909. Hebu mfikirieni mwanamke aliye katika shamba la mikarafuu ndani ya Pemba, asiyejua kusoma, ambaye chakula chake na kibanda chake viko mikononi mwa yule yule anayetaka kumwacha. Uhuru wake uko mezani kwa karani, mwendo wa siku nzima kutoka anapolala. Sheria ilikuwa imebadilika, lakini njia ilikuwa ndefu kama zamani. Wako waliotembea, maelfu yao. Na wako waliobaki mpaka mauti. Kwa hao, mahali lilipowekwa dawati la mahakama palikuwa ndiyo sheria yenyewe.

Jengo la Vuga lilipofunguliwa lilikuwa na mahakama mbili chini ya paa moja. Moja ilikuwa ya mfalme wa Uingereza, kwa ajili ya raia wa Uingereza, wakiwemo Wahindi wengi wa mji, pamoja na wageni wengine. Ya pili ilikuwa mahakama ya Sultani, kwa raia zake. Mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu yalikwenda kwa makadhi, wa Kiibadhi na wa Kisunni. Sheria nyingi zilizotumika upande wa Waingereza zilikuwa sheria za India, na kwa miaka kadhaa rufani zilipelekwa Bombay. Mtu aliyeshindwa kesi Vuga alitafuta haki yake kwa meli.

Watu wa Ng'ambo walikuwa na maoni yao juu ya mahakama hizo, na hawakukaa nayo kimya. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwenye sahani za santuri. Mmoja kati ya nyimbo hizo ni ule wa Kijiti, unaosimulia kisa cha mauaji kilichotikisa mji: mwanamke mgeni kutoka bara aliuawa, mtuhumiwa akatoroka kuvuka bahari, na waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioishia kifungoni. Wimbo huo ulipigwa kwenye vibaraza ambako hakimu hakufika. Miaka hiyo hiyo wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi waliyojengea vibanda vyao, na wenye ardhi waliwapeleka mahakamani ili waondolewe. Mtu aliyevuka daraja la Darajani kwenda Vuga asubuhi zile alikuwa anakwenda kutetea paa la watoto wake mbele ya hakimu asiyejua Kiswahili cha mtaani kwake.

   

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalifika kwenye dirisha la posta kabla hayajafika kwenye vitabu vya sheria. Serikali mpya ilirithi shehena ya stempu za wakati wa usultani. Hapakuwa na muda wa kuagiza nyingine Ulaya. Siku tano tu baada ya Mapinduzi stempu zilizogongwa kwa mkono maneno JAMHURI 1964 zilikuwa zinauzwa. Wakusanyaji wa stempu leo wanazitafuta kwa bei kubwa, hasa zile ambazo muhuri umekaa upande, au umegongwa kichwa chini. Mimi naziona kama kazi ya makarani waliokaa usiku na kipande cha mpira na wino, karatasi baada ya karatasi, wakibadilisha nchi kwa mikono yao. Zanzibar iliendelea na stempu zake hadi mwisho wa 1967, kisha tukawa na stempu za Tanzania nzima.

Mahakama ilichukua njia nyingine. Kuanzia 1970 Zanzibar ilikuwa na Mahakama za Wananchi, ambamo mawakili hawakuruhusiwa na mwenye kesi alijitetea mwenyewe. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumwondolea mwananchi ukuta wa lugha ngumu na gharama. Nasema wazi kwamba ukuta ulibomolewa pamoja na nguzo iliyokuwa inashikilia paa, kwa sababu mtu aliyeshitakiwa kwa kosa kubwa bila mtetezi hana ulinzi wowote isipokuwa huruma ya anayemhukumu. Mfumo huo ulifutwa 1985. Somo lake ni kubwa kwetu sote tunaotaka mahakama iwe karibu: ukaribu bila utetezi unaweza kumuumiza yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Sasa tuvuke bahari turudi huku kwetu.

Wajerumani walifungua posta zao za kwanza katika pwani hii tarehe 4 Oktoba 1890, Bagamoyo na Dar es Salaam. Mwaka huo huo waya wa baharini uliunganisha Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam. Mahali tulipo jioni hii ni katikati ya posta hizo mbili, na Mto Mpiji unaotutenga na wilaya ya Bagamoyo ulivukwa na matarishi na wapagazi kabla haujajua lami. Stempu za Kijerumani za 1893 ziligongwa thamani kwa pesa, 64 kwa rupia moja, kwa sababu hiyo ndiyo fedha watu waliyoijua.

Kwa Mjerumani, posta na mahakama na polisi na gereza mara nyingi vilikaa katika boma moja, au boma na jirani yake. Mzungu alikuwa na jaji wake wa kusomea sheria. Mwafrika alikuwa na mkuu wa wilaya, ambaye asubuhi alikusanya kodi, mchana akasikiliza mashauri barazani akiwa na liwali au akida pembeni, na kabla ya jua kutua akaagiza hamsa ishirini. Wazee wenu waliijua namba hiyo kwa migongo yao: viboko ishirini na tano. Boma la Bagamoyo, la mwaka 1897, bado limesimama juu ya ufuko, na hatua chache kutoka hapo kuna mnara unaoeleza kwamba pale ndipo walipokuwa wakinyongwa waliowapinga wakoloni. Mkienda na wanafunzi, waonyesheni vitu vyote viwili kwa pamoja. Nakshi za boma zisitazamwe bila ule mnara wa walionyongwa.

Dar es Salaam nayo iligawanywa kwa kanuni za ujenzi tangu 1891, na Waingereza walipouchukua mji Septemba 1916 waliendeleza mgawanyo huo: Uzunguni kandokando ya bahari, Uhindini katikati, Uswahilini nyuma yake, Kariakoo na kuendelea. Majumba ya serikali yalipangwa Kivukoni. Mahakama Kuu ya Tanganyika ilianza kazi Januari 1921, na miaka mia baadaye sote tulisikia ikiadhimisha karne yake. Lakini mwaka 1929 serikali ilitunga sheria iliyoziweka mahakama za wenyeji chini ya maofisa tawala, rufani zake zikaenda kwa mkuu wa wilaya, kwa mkuu wa jimbo na hatimaye kwa gavana, zikakatwa kabisa na Mahakama Kuu. Mwafrika wa Kinondoni au Kunduchi angeweza kulipita jengo la Mahakama Kuu kila siku ya maisha yake, na shauri lake la shamba lisiingie humo kamwe. Jengo lilikuwa karibu, mlango ulikuwa mbali. Ilibidi tusubiri Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ili ngazi iwe moja, kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi juu.

Kabla ya hapo lakini, mahakama ya Dar es Salaam ilipata siku ambazo hazitasahaulika. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishitakiwa kwa maandishi ya kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika Sauti ya TANU. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili mashuhuri kutoka Uingereza. Watu walifurika nje ya mahakama, wakasimama juani siku baada ya siku, kusikiliza kesi ambayo wengi wao hawakuweza kuiona. Alipewa kuchagua kati ya faini ya shilingi 3,000 na kifungo cha miezi sita. Akalipa faini, kwa sababu uchaguzi ulikuwa mlangoni na chama kilimhitaji nje. Umma ule wa nje ndio ulioonyesha mahakama ni ya nani.

Na kuna jengo jingine Kivukoni ambalo naomba mkipita mlitazame mara mbili. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianzishwa 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 na ile mahakama ya rufani ya pamoja kufa nayo. Jumba ililopewa baadaye pale ufukoni lilikuwa Hoteli ya Forodhani, na kabla ya hoteli lilikuwa klabu ya Waingereza, ambamo Mwafrika aliingia akiwa na sinia mkononi. Ukumbi wa kunywea wa watawala ukawa mahali ambapo mkulima wa Rufiji anaweza kuishinda serikali. Sijawahi kuona matumizi bora zaidi ya jumba la kikoloni.

Hilo ndilo linalonifanya nitetee majengo haya yasibomolewe. Yakibomolewa, ushahidi wa jinsi tulivyotawaliwa na jinsi tulivyojitwalia mlango unapotea. Mombasa wameonyesha njia: mahakama yao ya zamani ya mwaka 1902, jirani na Fort Jesus, iko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ina maktaba na maonyesho. Unguja, nyumba ya zamani ya simu ya Shangani imekuwa hoteli ya kitalii tangu 1997. Imetunzwa vizuri, nakiri, ila mtoto wa Ng'ambo sasa anaiona kutoka nje. Kati ya njia hizo mbili, mimi nachagua ya Mombasa.

Kutunza kwenyewe ni kazi ya ufundi, na hapa watu wa Bunju, Boko, Wazo na Kunduchi mna ujuzi ambao hamjauhesabu. Majengo ya zamani ya pwani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa ile ilipatikana kwa kupanga matumbawe juu ya magogo, kuyachoma, kisha kuyamwagia maji na kuyaacha yaive kwa miezi. Mlima wa Wazo, ambao kiwanda cha saruji kimekuwa kikiuchimba tangu 1966, ni matumbawe ya bahari ya kale. Ni jiwe lile lile. Kuna tofauti moja kubwa: ukuta wa chokaa unapumua, unanyonya unyevu na kuutoa. Fundi akija na nia njema akaupiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inakula jiwe, boriti zinaoza kimyakimya, na siku moja dari linashuka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Magofu ya msikiti na makaburi ya Kunduchi, karibu kabisa na hapa, yamesimama karne kadhaa kwa sababu ya chokaa. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya VETA na mafundi wetu wakifundishwa ufundi huo upya, kazi ipo kutoka Kilwa hadi Lamu.

Nimefika nilipotaka kufika, nyumbani kwetu.

Bunju imekua haraka kuliko meza za serikali zilivyoweza kuifuata. Wangapi kati yetu tumewahi kuandika barua ya kazi tukaweka S.L.P. ya shule, ya msikiti, ya kanisa au ya ofisi ya mjomba? Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imetupa majina ya mitaa na namba za nyumba, na hilo ni jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza nyumba ya Bunju inaweza kutajwa na mtu aliye Mwanza. Upande wa mahakama, Februari 2019 Mahakama ya Tanzania ilizindua Mahakama Inayotembea, gari lenye chumba cha hakimu na kila kitu chake, na Bunju ikawa moja ya vituo vyake vya Dar es Salaam, pamoja na Kibamba, Chanika na Buza. Mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama kwa sheria. Mwaka huo huo Temeke ikapata kituo cha pamoja cha mashauri ya mirathi na ndoa, ambamo ngazi kadhaa za mahakama ziko chini ya paa moja. Mjane wa Bunju anavuka jiji zima kukifikia, lakini akifika, hazungushwi.

Lile gari la 2019 kwangu lina uzito kuliko kuba la Vuga. Miaka 111 baada ya Sinclair kumaliza jengo lake, meza ya hakimu ilitoka yenyewe ikawafuata watu, ikaegeshwa Bunju, ikazungumza Kiswahili. Yule mwanamke wa Pemba wa 1897 angelielewa gari lile mara moja.

Lakini gari huja na kuondoka. Mji wenye watu wengi kama sisi unahitaji kiwanja cha mahakama na kiwanja cha posta, na vitu hivyo vinahitaji ardhi, na ardhi ya Bunju inauzwa kila siku ya Mungu. Kila eneo la wazi lililobaki kati ya hapa na Mabwepande lina mtu anayelipigia hesabu. Sinclair alipata viwanja vyake kwa sababu aliyeamua alikuwa yeye. Huku kwetu anayeamua ni mkutano wa mtaa, baraza la kata, na ofisi ya mipango miji ya manispaa, na vikao hivyo vina viti ambavyo wengi wetu hatuvikalii.

Basi ombi langu kwenu ni hili. Mkutano ujao wa mtaa ukiitishwa, nendeni. Ulizeni ni viwanja gani Bunju vimetengwa kwa huduma za umma katika mchoro wa mipango miji, viko wapi, vina ukubwa gani, na hati zake ziko kwa jina la nani. Ombeni mchoro huo ubandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kata, mahali ambapo kila mtu anaweza kuusoma. Na walimu, wapelekeni watoto Bagamoyo kwa daladala, na mkipata nauli ya boti, Shangani na Vuga, wakaone viwanja vilichaguliwaje wakati babu zao hawakuulizwa.